UPUMUAJI: UHAKIKI WA NENO MOJA LA ELIMUVIUMBE

Katika maelezo ya sayansi kwa Kiswahili, neno upumuaji aghalabu hubebeshwa mizigo miwili. Wa kwanza ni kuingia na kutoka kwa hewa kifuani. Wa pili ni kazi ifanyikayo ndani ya seli, ambapo glukosi huvunjwa na nishati iliyomo ikatolewa. Mzigo wa kwanza neno hili linauweza; wa pili unalielemea.

Pumua, pumzi na pumzika ni maneno ya jamaa moja, wala hayaachani na kifua. Alisikiaye neno upumuaji huona pua, mapafu na mbavu zinazopanda na kushuka. Seli haina hata kimoja katika hivyo. Mhogo hauna mapafu, lakini seli zake hutoa nishati usiku na mchana. Mwanafunzi akiandika kwamba mimea haipumui, hupigwa mstari mwekundu, ilhali aliyempotosha ni neno alilopewa.

Upungufu huo hudhihirika zaidi katika tembo la mnazi. Chachu iliyomo hugeuza sukari kuwa kileo na hewa ukaa pasipo kuhitaji oksijeni, ikapata molekuli 2 tu za adenosini trifosfati, yaani ATP, kwa kila molekuli ya glukosi. Penye oksijeni, seli yenye mitokondria huweza kupata 30 hivi. Mwenye kushikilia neno upumuaji hana budi kuiita kazi ile ya kwanza “upumuaji bila hewa”, na kwa sikio la Mswahili hilo ni sawa na kuogelea pakavu.

Yafaa ifahamike kwamba kasoro hii haikuzaliwa katika Kiswahili. Lugha za Ulaya zilichukua neno la Kilatini lenye maana ya kuvuta pumzi, zikalinyoosha hadi likafika ndani ya seli. Mfasiri aliyefuata nyayo hizo alitafsiri pamoja na kasoro yake.

Wako wanaokimbilia kitenzi unguza. Hao wana asili ya kujivunia: mwaka 1783 Lavoisier na Laplace walipima joto la mnyama kwa barafu iliyoyeyuka, wakasema kupumua ni kuungua polepole. Kwa hesabu ya mwanzo na mwisho, hawakukosea. Sukari na oksijeni huingia, hewa ukaa na maji hutoka. Lakini moto hutoa nishati yote kwa mkupuo. Seli huitoa hatua kwa hatua, ikaweka sehemu yake katika ATP. Mzunguko ulioelezwa na Krebs mwaka 1937 ni baadhi ya hatua hizo.

Kitenzi zalisha nacho hakifai, kwa sababu humaanisha kuleta kisichokuwapo. Nishati ilikuwamo katika sukari tangu mwanzo, na chanzo chake ni jua.

Kwa hiyo upumuaji na ubaki kifuani. Kazi ya seli iitwe utoaji nishati, na mwendo wa chachu uitwe kwa jina lake la siku zote, uchachukaji. Hayo si maneno ya fahari, lakini hayamdanganyi anayeyasikia. Na istilahi inayomdanganya mtoto darasani, hata ikikubaliwa na wakubwa wote, haijatimiza wajibu wake.