Ukungu Mzuri wa Elektrosprei: Namna ya Kuutambua

Mgeni wa spektrometa ya tungamo hufurahia vilele virefu. Mjuzi huvitilia shaka kwanza. Kazi ya elektrosprei ni kuitoa molekuli kwenye kimiminika na kuifikisha kwenye ombwe ikiwa na chaji, bila kuivunja wala kuibandika mzigo usiojulikana. Kwa ufundi huo protini kubwa, ambazo zamani ziliharibika zikilazimishwa kuwa gesi, ziliweza kupimwa zikiwa nzima, na John Fenn akapata sehemu ya Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2002. Kwa hiyo anayepima ubora haulizi ishara ni kubwa kiasi gani. Huuliza kama kilichoko kwenye skrini ndicho kilichokuwa kwenye chupa.

Anza na ncha

Chungulia kupitia dirisha la chemba, taa ikimulika ubavuni. Volti zikipanda, mara nyingi kati ya 2,000 na 5,000, tone lililoning'inia kwenye sindano huvutika likawa koni. Hiyo ndiyo koni ya Taylor, mwanafizikia aliyeichambua kihisabati mwaka 1964. Kwenye kilele chake hutoka uzi mwembamba wa kimiminika, nao hukatika kuwa ukungu wa vitone vyenye chaji.

Ukungu mzuri umetulia na umetawanyika sawasawa. Koni ikiwa inarudi kuwa tone kisha inachomoza tena, umeme hautoshi. Nyuzi zikiwa mbili au tatu, kila moja na upande wake, umeme umezidi. Ukizima taa na kuona mng'ao wa samawati kwenye ncha, hiyo ni korona: gesi inayozunguka sindano imeanza kupitisha umeme, na ioni zake zitachafua matokeo. Hatari hii ni kubwa zaidi unapopima ioni hasi, ndiyo maana mafundi hushusha volti.

Soma mstari wa jumla ya ioni

Sindano inayosaidiwa na nitrojeni haikuonyeshi koni waziwazi, basi tegemea mstari. Pitisha myeyusho uleule kwa dakika kadhaa. Mstari ukipanda na kushuka kwa mdundo usiobadilika, ishuku pampu. Ukianguka ghafla kisha ukainuka, tafuta kiputo cha hewa. Ukididimia polepole, huenda ncha inaziba.

Hesabu wageni

Chukua aflatoksini B1, sumukuvu inayosumbua mahindi na karanga zetu. Kwenye skrini, ambapo tungamo hugawanywa kwa chaji, ikibeba protoni moja huonekana kwenye 313, ikibeba sodiamu, 335, potasiamu, 351. Ukikuta 335 imeipita 313, chumvi imeingia, pengine kutoka kwenye chupa za kioo, kiyeyushi au sampuli yenyewe. Si suala la urembo tu. Ioni iliyoshikwa na sodiamu huvunjika kwa shida, na kipimo cha kiasi cha sumu hutegemea vipande vyake.

Wapo wageni wengine wenye sura zinazojulikana. Ngazi ya vilele vilivyoachana kwa 44 ni polietilini glaikoli, mara nyingi kutoka kwenye sabuni za maabara. Kilele cha 391 kwa kawaida ni kilainishi cha plastiki. Ndiyo maana spektra ya kiyeyushi kitupu huwekwa kando ya kila kazi: bila hiyo huwezi kujua nani mwenyeji.

Pima ngazi ya chaji

Protini hutoka na protoni nyingi, hivyo molekuli moja hutoa vilele vingi. Mayoglobini ya farasi, yenye tungamo la takriban 16,951, ikipimwa kwenye kiyeyushi chenye asidi hutoa vilele viwili jirani karibu na 1060.5 na 998.2, chenye chaji 16 na chenye 17. Kila jozi ya vilele hukupa hesabu yake ya tungamo. Jozi zote zikikubaliana, na jibu likalingana na tungamo linalojulikana, kifaa kimesawazishwa. Vilele vikiwa na mkia upande wa kulia, chumvi au maji yangali yameng'ang'ania.

Umbo la ngazi nalo lina habari. Protini iliyokunjuka hubeba chaji nyingi. Iliyobaki imejikunja kwenye amoniamu asetati hubeba chache, na mayoglobini hukaa karibu na 8. Ukiona vilima viwili katika spektra moja, sehemu ya protini imekunjuka, na huenda ni joto la chanzo cha ioni lililofanya hivyo.

Chagua kasi ya kimiminika

Katikati ya miaka ya 1990, Matthias Wilm na Matthias Mann walionyesha huko Heidelberg kwamba kasi ya makumi ya nanolita kwa dakika hutoa vitone vidogo mno, vinavyokauka haraka na kuvumilia chumvi zaidi. Gharama yake ni ncha zinazoziba na kuvunjika. Kwa tone moja la protini adimu, inafaa. Kwa mamia ya sampuli za mahindi, sindano nene yenye nitrojeni ni chaguo la busara.

Kipimo kisichorukwa

Ukungu unaweza kufaulu yote hayo na bado ukadanganya. Juu ya kitone, molekuli hugombania nafasi na chaji. Mafuta na rangi za mahindi zikishinda, sumu hunyamazishwa na sampuli hatari huonekana salama. Dawa yake ni aflatoksini ambayo kaboni zake zote 17 ni kaboni-13, inayoonekana kwenye 330. Weka kiasi kilekile kwenye kiyeyushi safi na kwenye dondoo la mahindi. Ishara ya dondoo ikiwa nusu ya ile ya kiyeyushi, nusu imemezwa. Ukiwa na muda wa kipimo kimoja tu, fanya hiki, kwa sababu ndicho pekee kinachojaribiwa ndani ya sampuli ambayo mtu ataila.