“Anarudi lini?” na lile neno mushipa

Tarehe 9 mwezi wa tisa 2025, Stade des Martyrs, Kinshasa. Léopards wanaongoza Senegal 2 kwa 0, na bao la pili ni la Yoane Wissa. Hapa Kilibula ndani ya ciné watu wote walikuwa wamesimama juu ya mabenchi, mwenye ciné analalamika mabenchi yake yatavunjika. Yaliyofuata mnayajua. Senegal walirudisha yote mawili, wakaongeza la tatu, na Wissa akatoka kabla ya mwisho akiwa ameumia goti. Usiku ule tulilia juu ya mabao. Goti hakuna aliyelijali. Tulianza kulizungumza kesho yake, na bandugu zangu wenye diplome na licence, nimekuja kusema kwamba tulilizungumza vibaya sana, mimi pia nikiwa ndani.

Kumbukeni hali ilivyokuwa. Newcastle walikuwa wamemnunua Wissa tarehe 1 ya mwezi uleule, kama milioni 55 za pauni, siku ileile Alexander Isak alipowaacha akaenda Liverpool. Kwa hiyo siku nane tu baada ya kununuliwa, mtu ameumia akiwa na jezi ya nchi yake. Basapota wa Uingereza wakasema Congo imewaharibia mali yao. Sisi huku tukasema: “Club njo inamuficha.” Mwezi wa kumi ukafika, hajarudi, maneno yakageuka: “Ule iko anaogopa. Feza imeingia, taifa haina tena maana.” Halafu tarehe 13 mwezi wa kumi na moja Mbemba akawafunga Cameroun, siku tatu baadaye tukawatoa Nigeria kwa penalti, na Wissa tukamsahau kabisa. Tena kuna mmoja alisema wazi ni heri aliumia.

Alicheza mechi yake ya kwanza ya Newcastle tarehe 6 mwezi wa kumi na mbili, dhidi ya Burnley, aliingia mwishoni. Siku zile hapa Uvira tulikuwa na mambo mengine ya kuwaza, ninyi mnajua, kwa hiyo sijui ni nani aliona.

Ukisikiliza vizuri, basapota wa kule na wa huku walisema kitu kimoja. Wote walizungumza mwili wa Wissa kama deni. Kule anadaiwa na club, huku anadaiwa na taifa, na swali lilikuwa moja tu: anarudi lini? Hakuna aliyeuliza ni kitu gani kimeumia ndani ya goti. Hakuna aliyeuliza mwezi wa nane alikuwa wapi. Lakini jibu lilikuwa wazi kwa kila mtu anayefuata mpira: alitaka kutoka Brentford, hakuwachezea hata mechi moja ya ligi mwezi ule, kisha timu ya taifa ikawa na mechi mbili ndani ya siku tano. Sisemi ni ile ilimuumiza, sina haki ya kusema. Nasema sisi tunaojua namba ya viatu vya kila mchezaji, swali hilo halikutupitia kichwani.

Sehemu ya kosa, naona, iko ndani ya kinywa chetu. Tunalo neno moja: mushipa. Damu inapita ndani ya mushipa. Mguu ukikaza usiku, ni mushipa. Nyama ya paja ikipasuka mchezaji akikimbia, mushipa. Ligamenti ya goti ikikatika, mushipa. Na dawa ikawa moja kwa yote: “Bamukande na mafuta ya mawese, juma mbili iko muzima.” Sasa angalia. Nyama ya paja inapata damu nyingi, ikipasuka kidogo kweli inaweza kujifunga ndani ya majuma machache. Ligamenti ile ya katikati ya goti, yenye inazuia mfupa wa chini usiteleze mbele, damu yake ni kidogo, na ikikatika kabisa mara nyingi haijiungi tena. Hata uikande mpaka mafuta ya Ruzizi yote yaishe. Neno moja limefunika vitu vyenye kalenda tofauti kabisa, na sapota mwenye neno moja atakuwa na kalenda moja.

Kwa yule anayetaka kurudi uwanjani, mara nyingi madaktari wanachukua kano kutoka sehemu nyingine ya mguu na kuipandikiza ndani ya goti. Hapa sisi watu wa agro tungeelewa haraka kuliko wengine, kwa sababu ni grefe. Mmeshafanya ya avoka. Kikonyo kinachanua majani mapya, mwenye shamba anafurahi, anasema imeshika. Kumbe yale majani yanaweza kutoka kwa akiba iliyokuwa ndani ya kikonyo chenyewe, na pale kwenye kiungo bado ni laini. Mbuzi akigusa, imeanguka. Goti liko vilevile. Miezi ya kwanza kano iliyopandikizwa inakuwa dhaifu kuliko siku ilipowekwa, mpaka mishipa ya damu (hapo neno liko sawa) iingie ndani yake. Na ni wakati uleule uvimbe umeisha, maumivu yameisha, mchezaji anajisikia vizuri, na basapota wanapiga simu.

Utafiti wa Delaware na Oslo uliotolewa 2016 ulifuata watu waliofanyiwa upasuaji huo. Kila mwezi mmoja mtu aliochelewesha kurudi kwenye mchezo, mpaka mwezi wa tisa, ulipunguza karibu nusu hatari ya kuumia goti tena. Nilipoisoma nilifunga simu nikatoka nje kidogo.

Mfano tunaoutumia vibaya kuliko yote ni Ronaldo, yule wa Brésil. Kila mchezaji akiumia lazima mtu aseme: “Ronaldo aliumia, akarudi, akabeba Kombe la Dunia, ni moyo tu.” Tuhesabu basi. Aliumia kano ya goti mwezi wa kumi na moja 1999. Alirudi tarehe 12 mwezi wa nne 2000, Inter wakicheza na Lazio, na dakika chache tu baada ya kuingia goti likamwangusha bila mtu kumgusa. Yule aliyefunga mabao 8 mwaka 2002 ni mtu aliyekaa nje zaidi ya mwaka mmoja baada ya siku hiyo. Tunahadithia 2002, tunaruka Roma.

Tena tuko na wa kwetu. Yannick Bolasie aliumia goti tarehe 4 mwezi wa kumi na mbili 2016, Everton na Manchester United. CAN ya Gabon ikampita. Alirudi tarehe 26 mwezi wa kumi na mbili mwaka uliofuata, zaidi ya mwaka kamili, club tajiri, madaktari kila asubuhi. Na kwa macho yangu kasi ile ya zamani haikurudi yote. Kama Everton ilihitaji mwaka, sisi juma mbili tulizitoa wapi?

Nauliza juu ya mtoto mmoja wa avenue yetu. Winga wa kulia, mguu mwepesi. Mashindano ya likizo, aligeuka akisimama na mguu mmoja, goti likalia paa, hata sisi wa pembeni tulisikia. Kabla ya jioni lilikuwa limevimba kama papayi. Muzee mmoja akamkanda, akalifunga vizuri, na kwa haki, uvimbe ulishuka. Picha ya IRM hakuna aliyeitaja, pesa ingetoka wapi. Baada ya juma mbili ilikuwa fainali. Tulikwenda kwao watu wanne, mimi nikiwa mkubwa wao. Mama yake akasema: “Mutoto hayapona.” Nikamjibu kwa heshima yote: “Mama, anatembea.” Nauli ya moto mpaka kiwanjani nililipa mimi. Alicheza kama dakika ishirini.

Ule uchambuzi wetu wa ciné, “anaogopa,” “anadeka,” “ni moyo tu,” ndio niliobeba mpaka mlangoni kwa mama yule. Wissa hasikii maneno ya Kilibula. Mtoto wa avenue anayasikia yote, na anajua majina ya wanaoyasema.

Kuna kipimo kimoja wanachotumia watu wa kine ambacho hakihitaji mashine, kinahitaji chaki na mita. Mchezaji anaruka na mguu mmoja, anatua na uleule, wanapima, kisha mguu mwingine. Mguu ulioumia ukishindwa kufika tisa kwa kumi za mwenzake, hachezi. Kuufaulu peke yake hakutoshi, wanaangalia nguvu ya paja na miezi pia. Lakini kuushindwa kunatosha. Mwaka huu kwenye mashindano nilichukua ile mita yangu ya kupimia nafasi ya mihogo, nikaomba kila aliyekuwa ameumia aruke kwanza. Basapota walicheka, mmoja akauliza kama nataka kupanda wachezaji kwa mistari. Wawili walikataa kuruka. Wa tatu aliruka, akatua, akajishika goti, akaenda mwenyewe kuvua jezi.

Yule winga wetu sasa anauza unite karibu na barabara kubwa. Akishuka kilima anashuka kwa upande, goti linamtoka. Juzi ndani ya ciné mtu mmoja akataja mchezaji aliyeumia, na kama kawaida akamgeukia yeye kwa sababu anajua mpira: “Anarudi lini?”

Akasema: “Bamepima?”