CAN si kalsiamu naitreti

Mkulima wa Mlowo, mkoani Songwe, anaijua mbolea ya CAN (kalsiamu amonia naitreti) tangu utotoni. Ndiyo iliyokuza mahindi ya nyumbani na kahawa ya Mbozi, na tangu msimu wa 2022/23 imo katika mbolea za ruzuku. Sasa amejenga kitalu nyumba, mnyauko wa bakteria umemfyekea nyanya za ardhini, na ameamua kupanda kwenye mifuko isiyo na udongo. Mbolea anayoishika kwanza ni ileile CAN. Hapo ndipo anapokosea.

Udongo una subira. Vijidudu vyake hugeuza urea na amonia kuwa naitreti, na udongo wa mfinyanzi hushika potasiamu na kuiachia kidogo kidogo. Maganda ya mpunga kutoka Usangu, au mawe mepesi ya volkano kutoka Rungwe, hayana ghala hilo. Mmea hula kile kinachodondoka kwenye mpira wa matone, basi.

Naitrojeni ya CAN nusu yake ni amonia, na kalsiamu yake ni ya chokaa, isiyoyeyuka kwa urahisi. Ukiikoroga kwenye pipa, tope linabaki chini na matundu ya matone yanaziba. Amonia nayo, ikizidi mizizini, huinyima nyanya kalsiamu, na tunda linaoza kitako. Kalsiamu naitreti huyeyuka: gramu 1 katika lita 1 ya maji hutoa miligramu 155 hivi za naitrojeni na 190 za kalsiamu. Ni ghali kuliko CAN, na sioni njia ya kuikwepa. Hoagland na Arnon wa Chuo Kikuu cha California waliiweka kwenye mchanganyo wao maarufu katika kijitabu cha 1938, nao bado ni msingi wa michanganyo mingi.

Mapipa yawe mawili. Kalsiamu naitreti na chuma vikae pipa A. Salfeti ya magnesiamu na fosfeti ya potasiamu vikae pipa B. Michanganyo mizito ya mapipa hayo ikikutana, kalsiamu huganda na salfeti kuwa jasi, na fosfeti nayo huzama chini. Ikutane tu baada ya kuzimuliwa kwenye maji mengi.

Anayeagiza unga wa makumbi ya nazi kutoka pwani ana kazi ya ziada. Makumbi hubeba potasiamu na sodiamu nyingi, hasa yaliyofukiwa ufukweni kama wafanyavyo akina mama wa kusini Unguja wanaotafuta usumba. Yaoshwe, yalowekwe kwenye maji ya kalsiamu naitreti, yaoshwe tena. Usipofanya hivyo, makumbi yatakunywa kalsiamu kabla ya nyanya.

Lakini kitako kinapooza, usikimbilie kuongeza kalsiamu. Kalsiamu hupanda na maji yanayovukizwa na majani, na tunda huvukiza kidogo sana. Mara nyingi kosa ni maji kuja kwa vipindi visivyoeleweka, au chumvi imezidi mfukoni. Ukiongeza mbolea, unaongeza chumvi, na unazidisha ugonjwa uleule. Nimeona watu wakifanya hivyo wiki nzima, kwa nia njema kabisa.

Kuna pia baridi ya Juni na Julai. Mizizi ikiwa baridi hushindwa kuchukua fosforasi hata kama imejaa kwenye maji, na sehemu ya chini ya majani hugeuka zambarau. Dawa ni kupasha joto kitalu usiku au kusubiri, si kumwaga fosfeti.

Kwa hiyo kipimo cha EC (wingi wa chumvi kwenye maji, kwa mS/cm) na cha pH vinunuliwe kabla ya mbegu. Maji ya matone yakae kwenye EC ya 2 hadi 3 kadiri mmea unavyokua, pH 5.5 hadi 6.5. Kisha weka beseni chini ya mfuko na upime kinachochuruzika. Kikitoka na EC ya 4 wakati uliingiza 2.5, mwagia zaidi hadi kama lita 2 katika kila 10 zitoke, halafu pima tena kesho saa ileile.