Sifa ya Mwandishi wa Mwongozo

Miongoni mwa kazi za kalamu ambazo watu huzitumia pasipo kuzishukuru, kuandika mwongozo wa programu za kompyuta kwa ajili ya mwanagenzi kunastahili taadhima ya pekee, kwa sababu humtaka mwenye ilimu nyingi ashuke, bila kibri wala dharau, hadi alipo asiyejua kitu, kisha apande pamoja naye daraja baada ya daraja.

Mwaka 1978 Brian Kernighan na Dennis Ritchie, wa maabara ya Bell Labs huko Marekani, walitoa kitabu juu ya C, lugha ya kuandikia programu. Ritchie ndiye aliyeibuni lugha yenyewe, na lau wangalitaka kudhihirisha ujuzi wao, wangalianza kwa kanuni zote na alama zote. Lakini walianza kwa programu fupi mno, ambayo kazi yake ni kuandika maneno mawili tu ya kuusalimu ulimwengu. Asiyetafakari atadhani ni mchezo, kumbe ili maneno hayo yatokee, mwanafunzi hana budi kuiandika programu na kuihifadhi, kuifasiri kwa lugha ya mashine, kuiendesha, na kutambua jawabu limetokea wapi. Akiisha kuyamudu hayo, amekivuka kizuizi ambacho wengi hukwama hapo.

Ustadi huu, basi, u katika kuchagua la kusema sasa na la kuahirisha, kwani rubani hasifiwi kwa wingi wa miamba anayoijua, bali kwa chombo kufika bandarini salama. Mwandishi mwema hatumii istilahi kabla ya kuifafanua, wala haweki mfano ambao hakuuendesha kwa mkono wake. Tena hamwambii msomaji kwamba jambo ni jepesi, maana likimshinda atajihesabu mjinga. Humtahadharisha pia juu ya makosa: kwamba katika C nukta-mkato ikisahauliwa, mara nyingine kompyuta hulaumu mstari unaofuata, na maskini mwanagenzi hukesha akitafuta ila pasipo na ila. Sentensi moja ya tahadhari ingalimwokolea usiku mzima.

Kijana wa Tanzania aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, akifungua miongozo hii, ambayo mingi yake ni ya Kiingereza, huelemewa na mizigo miwili kwa pamoja, wa fani na wa lugha. Kwa hiyo, enyi mliojaaliwa maarifa haya, andikeni kwa lugha yenu. Na kabla ya kuchapisha, mpeni mwongozo mtu asiyejua, kaeni kando yake kimya, na kila anaposita, rekebisheni maandishi yenu, msimlaumu yeye.