Kila Mdundo Mahali Pake

Emuleta ni programu inayoifanya kompyuta ya leo itende kazi ya mashine ya gemu ya zamani. Zipo zinazotosheka gemu ikichezeka tu, na zipo zinazotaka kila mdundo wa prosesa uangukie mahali pake. Ufundi unaostahili sifa ni huo wa pili.

Famicom ya Nintendo, iliyotoka Japani mwaka 1983 na kuitwa NES ilipofika Marekani na Ulaya, ina prosesa na sauti ndani ya chipu moja ya Ricoh. Katika mashine ya Japani, chipu hiyo hupiga midundo 1,789,773 kwa sekunde na ina njia 5 za sauti. Gemu haiambii chipu jina la noti, huipa namba. Njia mbili za kwanza huigawa midundo hiyo kwa 16, kisha kwa namba iliyopewa ikiongezwa 1. Gemu ikiandika 253, spika hutetema takriban mara 440 kwa sekunde: ndiyo sauti ambayo wapiga fidla huwekea nyuzi zao.

Njia ya tano hucheza sauti zilizorekodiwa, na kila inapochota data huisimamisha prosesa kwa midundo michache. Ikichota wakati pedi ya kuchezea inasomwa, gemu huweza kuona kitufe ambacho hakuna aliyekibonyeza. Super Mario Bros. 3 ya mwaka 1988 hujikinga kwa kuisoma pedi tena na tena hadi majibu mawili yalingane. Fundi mwaminifu huiga hata kasoro hiyo, maana bila yake kinga ile haina inachokinga.

Uaminifu huo hupatikana kwa kupima. Fundi huandika programu ndogo ya majaribio, huiendesha kwenye mashine halisi, kisha kwenye emuleta, na kutafuta zinapoachana, hata kama ni kwa mdundo mmoja.

Lazima pia ajue anaiga mashine ipi. Zanzibar, kwa mfano, ilifuata mfumo wa televisheni wa PAL, wenye picha 50 kwa sekunde badala ya 60 za Japani. NES ya PAL hupiga midundo 1,662,607, hivyo 253 ile ile hutoa mitetemo 409, chini kwa zaidi ya nusu toni. Na gemu isiyorekebishwa hupungua mwendo kwa sehemu moja ya sita. Kwa sikio lililokulia na mashine hiyo Gombani, Zanzibar, 409 ndiyo sauti halisi ya gemu. Emuleta makini huzihifadhi zote mbili, kila moja kwa kipimo chake.