Kizunguzungu Kinachokimbia Kipimo

Mtu aliyeanguka kwa kizunguzungu pale soko la samaki la Deep Sea, jijini Tanga, akafikishwa hospitali saa moja baadaye, mara nyingi hufika akiwa mzima. Presha iko sawa, sukari iko sawa, malaria haionekani, na karatasi ya ECG, kipimo cha umeme wa moyo, inatoka nzuri kabisa. Anaambiwa apumzike na anywe maji. Wiki ya pili anaanguka tena. Hapo ndugu wanagawanyika: mmoja anasema ni kifafa, maana alitikisika kidogo alipokuwa chini, mwingine anasema ni mashetani, apelekwe kwa mganga, wa tatu anasema ni uchovu tu. Kila mmoja anaitumia karatasi ile ile kujitetea, kwa sababu si imeonyesha moyo hauna tatizo?

Karatasi haikuonyesha hivyo, na hesabu yake ni nyepesi. ECG ya kawaida hurekodi sekunde 10. Wiki moja ina sekunde 604,800. Tuseme mama muuza samaki mapigo yake huvurugika dakika moja tu kwa wiki. Uwezekano wa zile sekunde 10 kukutana na dakika hiyo, hata kuigusa pembeni, ni kama mmoja katika 8,600. Mashine haikukosea. Ilitazama bahari ikiwa shwari, nasi tukaiuliza habari za dhoruba ya jana.

Hata watafiti hubanwa na kikomo hiki. Katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, wazee zaidi ya 2,200 wenye umri wa miaka 70 na kuendelea walichunguzwa ili kutafuta mtetemo wa vyumba vya juu vya moyo, ule unaofanya mapigo yaende ovyo bila mpangilio na kuacha damu ituame, igande, kisha ilete kiharusi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012 yaliwapata chini ya mmoja kwa kila mia, kiwango kidogo sana kikilinganishwa na Ulaya. Kazi hiyo naiheshimu, lakini naisoma kama sakafu, si dari. Kipimo cha mara moja humwona yule ambaye mtetemo haumwachi. Yule ambaye humjia na kuondoka huhesabiwa miongoni mwa wazima.

Kabla ya mashine yoyote, hata hivyo, neno lenyewe lifunguliwe. Kiswahili chetu kinasema kizunguzungu kwa mambo mawili tofauti. Kuna dunia kuzunguka, nyumba ikageuka kama uko kwenye mashua, na hilo mara nyingi ni la sikio la ndani. Na kuna macho kuingia giza, miguu kulegea, sauti za watu zikaenda mbali: hapo damu haifiki ubongoni ipasavyo, na ndipo moyo unapoingia kwenye orodha ya washukiwa. Swali moja la subira, “Mama, vitu vilizunguka au macho yaliingia giza?”, huokoa safari nzima. Kisha apimwe presha akiwa amelala, na tena akiwa amesimama, dakika ya kwanza na ya tatu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, huenda kisa ni dawa za presha, damu pungufu, au maji yaliyopotea kwa joto la kaskazi au alasiri za Ramadhani. Vidonge vyote anavyotumia viletwe mezani, pamoja na vya malaria, kwa kuwa baadhi, kwinini ikiwemo, hugusa umeme wa moyo.

Kinachotisha ni kuanguka bila onyo, akiwa ameketi au yuko katikati ya kazi nzito, kisha kuzinduka upesi akijua alipo na nani wamemzunguka. Mwenye kifafa kwa kawaida hubaki amechanganyikiwa kwa muda. Kutikisika kidogo hakutoshi kuamua, kwani ubongo ukikosa damu kwa sekunde kadhaa nao hutikisa mwili. Nasikitika kila ninapofikiria watu wanaomeza dawa za kifafa kwa miaka, ilhali tatizo lao liko kifuani.

Hapo ndipo inapoingia mashine ya kutembea nayo. Jina lake, holta, linatokana na Norman Holter wa Montana, Marekani, ambaye hakuwa daktari bali mtu wa fizikia na kemia. Kilichomkera ni kwamba mioyo yote ilikuwa inapimwa ikiwa imelala kitandani. Kufikia mwaka 1949 alikuwa ametengeneza kifaa cha kubebwa mgongoni kilichorusha umeme wa moyo kwa redio, mtu akiwa anatembea. Kilikuwa na uzito wa kilo 38 hivi, si mbali sana na mfuko wa saruji. Leo kifaa hicho hicho kinaning'inia shingoni au kiunoni, kina nyaya chache na vibandiko kifuani, na hurekodi kila pigo kwa saa 24 au 48. Kwa moyo unaopiga mara 70 kwa dakika, hayo ni mapigo zaidi ya laki moja kwa siku.

Lakini holta nayo ina hesabu yake. Kwa mama yetu wa mara moja kwa wiki, holta ya siku moja ina nafasi moja kati ya saba. Ndiyo maana mpimaji mzuri huanza na kuuliza: kati ya kizunguzungu kimoja na kingine hupita muda gani? Kila siku, saa 24 zinatosha. Kila wiki, kinahitajika cha kuvaliwa wiki moja au mbili. Kila miezi michache, kuna kirekodi kidogo kinachopandikizwa chini ya ngozi ya kifua na kukaa miaka mitatu au zaidi, ingawa bei yake inakiweka mbali na wengi wetu.

Kutoka Tanga hadi Dar es Salaam, kupitia Segera na Chalinze, ni kama kilomita 350. Huko ndiko iliko Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanza kujitegemea mwaka 2015, na wengi huelekezwa huko baada ya Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa wa Tanga. Mgonjwa akivishwa holta Dar, akashinda siku mbili kwa ndugu amekaa kwenye kochi, tumerudi kwenye kitanda alichokikimbia Holter. Mama huyu huanguka akibeba ndoo ya samaki juani, basi avae mashine akiwa na ndoo yake. Rekodi inaweza kusafiri peke yake. Mwaka 1905 mtafiti wa umeme wa moyo, Willem Einthoven, huko Leiden, Uholanzi, alipokea umeme wa moyo wa wagonjwa waliokuwa hospitali umbali wa kilomita moja na nusu, kwa waya wa simu. Kwetu leo ni faili ya kutuma kwa intaneti.

Pwani ina vikwazo vyake. Jasho hung'oa vibandiko, kwa hiyo ngozi isafishwe na kukaushwa vizuri, na nyaya zibanwe kwa plasta. Kuoga kunasubiri mpaka mashine ivuliwe. Kutawadha hakuna shida, maana kifua hakimo katika viungo vya udhu. Hili lisemwe waziwazi, kwa sababu wapo watakaoivua ikifika adhuhuri bila kumwambia mtu.

Nusu ya pili ya kipimo ni daftari, ambamo mgonjwa huandika dalili na saa yake. Mashine inajua moyo ulifanya nini, haijui mtu alijisikiaje. Ikiwa kizunguzungu na mapigo mabovu vimetokea dakika ile ile, tumempata mhalifu. Ikiwa kizunguzungu kimekuja na mapigo yanaenda sawa, hilo pia ni jibu kubwa: mapigo hayahusiki, tutafute kwingine.

Na hapa ndipo kipimo kizuri kinapoweza kuharibika kabisa, kwa sababu ya saa. Mama anavishwa mashine ya saa 48 Jumatatu asubuhi. Jumanne macho yanaingia giza, naye anaandika, “Jumanne, saa 8:10, nikainua ndoo.” Msomaji anafungua rekodi ya 08:10, anakuta moyo umetulia, na anaandika kwamba dalili haikuambatana na tatizo la mapigo. Saa 08:10 ya mashine ni saa mbili na dakika kumi asubuhi, mama alikuwa anakunywa chai. Pigo lililokosekana liko kwenye 14:10. Huenda moyo ulisimama pale kwa sekunde nne, umeme wa vyumba vya juu ukashindwa kufika chini, na tiba yake ingekuwa kifaa cha kuusaidia moyo kupiga, kile ambacho wengi wanakiita betri. Badala yake amerudishwa nyumbani na majibu safi.

Programu ya kusomea rekodi haiwezi kuligundua hili. Muuguzi anaweza, siku ya kuvisha, kwa kuandika mwenyewe mstari wa kwanza wa daftari mbele ya mgonjwa: “Saa ya mashine 9:40. Saa yetu 3:40 asubuhi.” Na chini yake, kila mstari uwe na nafasi ya neno moja la kuzungushia: asubuhi, mchana, jioni, usiku.