Shabaha ya Dole Gumba

Kila chombo ambacho mwanadamu amekishika mkononi kwa muda mrefu hugeuka kuwa mwalimu wake, na elimu ambayo chombo hicho humpa haifanani na elimu ya chombo kingine, hata kama kazi inayotendwa kwa vyombo hivyo viwili ni moja. Jambo hili limekubaliwa tangu zamani katika uhunzi, useremala na ushonaji. Nami nadai katika insha hii, bila ya haya, kuwa ni kweli vilevile katika mchezo ambao wazee wengi wa mji wetu wa Moshi huuhesabu kuwa upuuzi, nao ni mchezo wa gemu za kupiga shabaha, unaochezwa mbele ya kioo, ama kwa pedi yenye vijiti viwili, ama kwa kibodi na kipanya. Vijana hubishana sana juu ya kipi kati ya vyombo hivyo kilicho bora. Ubishi wao unastahili kusikilizwa kwa staha, maana ndani yake limo swali ambalo kila fundi hana budi kulijibu: je, ustadi hupimwa kwa wepesi wa chombo, au kwa elimu iliyoingia katika mkono unaokitumia?

Insafu yataka tuanze kwa kukipa kipanya haki yake. Chombo hicho kilitokana na fikira za Douglas Engelbart wa Marekani, na cha kwanza kiliundwa na mwenzake, Bill English, mwaka 1964, nacho kilikuwa kijisanduku cha mti chenye magurudumu mawili chini yake. Na tarehe 9 Desemba 1968, katika mji wa San Francisco, Engelbart alikionyesha mbele ya hadhara kubwa ya wataalamu. Miaka kumi baadaye, mwaka 1978, Stuart Card, pamoja na Bill English na Betty Burr, walitangaza matokeo ya majaribio yao ya kukipambanisha kipanya na kijiti cha kuelekezea na vitufe vya kibodi katika kazi ya kuchagua neno juu ya kioo, na kipanya kikavishinda vyote kwa wepesi na kwa uchache wa makosa. Wakaona tena ya kuwa mwendo wake hufuata kanuni aliyoieleza Paul Fitts mwaka 1954, kwamba muda wa mkono kufika penye shabaha hutegemea umbali wa shabaha hiyo na upana wake. Yaani ni kama kipanya hakiucheleweshi mkono, na kikomo kinachobaki ni cha mwanadamu mwenyewe. Sababu yake ni dhahiri. Mkono ukisogea, alama ya shabaha husogea kwa kadiri ile ile. Mkono ukisimama, alama husimama papo hapo.

Hata hivyo, sifa hiyo haikutambuliwa na wachezaji kwa siku moja. Gemu iitwayo Doom ilipotoka mwaka 1993, walikuwapo wengi walioicheza kwa kibodi peke yake, wakigeuka kwa vitufe. Na ilipokuja Quake mwaka 1996, ndipo kijana mmoja wa Marekani, mzaliwa wa Hong Kong, Dennis Fong, aliyejulikana kwa jina la Thresh, alipodhihirisha nguvu ya kuigawa kazi kati ya mikono miwili, wa kushoto ukitembea kwa vitufe vya W, A, S na D, wa kulia ukilenga kwa kipanya. Mwaka 1997 alishinda mashindano makubwa ya Quake, akapewa tuzo ya gari la Ferrari lililokuwa mali ya John Carmack, mmoja wa waundaji wa gemu hiyo. Mtindo wake ukaenea ulimwenguni, na leo mwanafunzi wa chuo hapa Moshi, mwenye kompyuta ya mtumba na kipanya cha bei nafuu, huviweka vidole vyake juu ya vitufe vile vile.

Wala asidhani mtu kuwa ubora wa kipanya humwondolea mchezaji taabu ya kujifunza. Katika Counter-Strike, gemu iliyoanza mwaka 1999 kwa juhudi za Minh Le na Jess Cliffe, bunduki ya AK-47 haitulii mkononi: risasi zake hupanda juu kwanza, kisha huyumba upande mmoja, kisha wa pili, kwa utaratibu ambao mchezaji hana budi kuuhifadhi na kuupinga, akikivuta kipanya chini na pembeni bila ya kufikiri. Kadhalika, anayetembea hawezi kulenga sawasawa, kwa hiyo stadi hubonyeza kitufe cha upande wa pili kwa kitambo kidogo sana, mwili wake ukasimama, risasi ikatoka, naye akaendelea na safari yake. Wapo walengao kwa kifundo cha mkono, na wapo walengao kwa mkono mzima kuanzia begani, wakiwa wamepunguza wepesi wa alama makusudi ili wapate utulivu. Huo ni ustadi kamili, nami nausifu kwa moyo mweupe.

Lakini tuje sasa kwenye pedi, ambayo wenye kompyuta huidharau kwa kuwa hawajaielewa. Kijiti cha pedi hakiipeleki alama mahali, huipa mwendo. Ukikisukuma kidogo, alama huenda polepole. Ukikisukuma sana, huenda mbio. Nayo haisimami mpaka ukirudishe kijiti katikati. Atakaye kuifahamu tofauti hii vizuri na apande Mlima Kilimanjaro, hadi Marangu, Kibosho au Machame, akamtazame mwenye zamu ya maji katika mfongo, yaani mfereji wa kumwagilia, mmojawapo wa mifongo ile iliyochimbwa na mababu kabla mmisionari Johannes Rebmann hajauona mlima huu mwaka 1848. Mtu huyo hayabebi maji mkononi akayaweke penye shina la mgomba. Huufungua mlango wa udongo, akakadiria maji yaendayo na mteremko unaoyavuta, kisha akauziba kabla shina halijashiba, kwa sababu ajua kuwa yaliyokwisha kupita mlangoni yatafika tu. Akingoja mpaka aone maji ya kutosha, amekwisha chelewa na kihamba, yaani shamba la migomba, kimefurika. Dole gumba la mchezaji wa pedi lina kazi hiyo hiyo: huuanzisha mwendo, huupima, na kuukomesha mapema, huku adui naye akikimbia. Anayelenga kwa kipanya hujifunza uhakika. Anayelenga kwa kijiti hujifunza kadiri. Na kadiri, katika kazi zote za mikono nizijuazo, ndiyo elimu inayokawia kuingia na inayokawia kutoka.

Vijiti viwili vyenyewe navyo vilichukua muda kupata heshima. Mwaka 1997 GoldenEye 007 iliwakusanya watu wanne mbele ya televisheni moja, kila mmoja akiwa na pedi yenye kijiti kimoja, na mwaka huo huo kampuni ya Sony ilileta pedi ya DualShock, yenye vijiti viwili vilivyopangwa kwa ajili ya madole gumba mawili. Lakini aghalabu watu walikuwa bado wakisema kuwa vita vya bunduki haviwezi kuchezwa vema nje ya kompyuta, mpaka mwezi Novemba 2001 ilipotoka Halo: Combat Evolved. Waundaji wake walitambua kuwa dole gumba halina budi kusaidiwa, wakaifanya alama ipunguze mwendo wake kidogo inapopita juu ya adui, na kumfuata kidogo anaposogea. Tangu hapo gemu nyingi za pedi zimefuata njia hiyo.

Hapa ndipo penye mzizi wa lawama, maana watumiao kipanya husema kuwa mashine humlengea mchezaji wa pedi. Lawama hii imezidi tangu gemu kama Fortnite na Warzone zilipowachanganya wote katika pambano moja. Mimi naona ya kuwa msaada huo haumfai mtu ambaye hakuileta alama karibu na shabaha kwa juhudi yake mwenyewe. Haumchagulii adui wa kupigwa kwanza, haumwambii lini asogee na lini ajifiche, wala haumpi subira. Lakini penye mashindano ya tuzo, haki yataka masharti yajulikane kabla ya pambano kuanza, na ikiwezekana kila chombo kipewe uwanja wake, maana kuwapima watu wawili kwa mizani mbili na kuita hesabu hiyo moja ni dhuluma kwa wote wawili.

Tazama sasa afanyavyo stadi wa pedi, nawe utaona mengi yasiyotokana na msaada wowote. Hangoji amwone adui ndipo ainue alama. Huitembeza tangu mwanzo kwenye kimo cha kichwa, akaitanguliza penye kona ambapo adui atatokea, hata adui atokeapo hubaki kubonyeza R2 tu, kitufe cha kufyatulia. Halengi kwa dole la kulia peke yake, maana amekwisha jua kuwa kijiti cha kulia ni kizito kwa mambo madogo. Huutumia mkono wa kushoto, akausogeza mwili wake hatua ndogo kando, mpaka shabaha ikaingia yenyewe ndani ya alama. Tena kijiti cha kushoto kina neema ambayo kibodi haina, kwa kuwa kitufe hubonyezwa au huachwa, wala hakijui kati ya mambo hayo mawili. Bali kijiti humpa mchezaji kunyata, kutembea na kukimbia, kila mwendo kwa daraja yake, na kila upande wa dira. Yote hayo hupita katika nyama ya dole gumba, juu ya kitu kisichozidi upana wa sarafu.

Yako tena maelezo ya kimaisha kwa nini pedi imekuwa chombo cha watu katika mji wetu. Katika mitaa kama Majengo na Pasua, kama ilivyo katika miji mingine ya Tanzania, gemu ilifika kwa wengi kupitia banda, yaani chumba chenye televisheni, mashine ya PlayStation na benchi, ambamo mtu hulipia pambano au muda. Mpira wa miguu ndio mfalme humo, na gemu za bunduki hungoja zamu yake. Lakini zamu ikifika, kioo hukatwa vipande viwili, na wachezaji wawili hukaa bega kwa bega wakitumia umeme mmoja na mashine moja. Kompyuta humtaka kila mtu meza yake na kioo chake. Pedi hupokezanwa, nayo huzoea mikono mingi: mpira wa kijiti huchubuka, na ndani yake sehemu zinazopima mwendo hulika, mpaka alama ikaanza kutembea yenyewe bila ya kuguswa. Fundi huifungua pedi ile, akaisafisha au akabadilisha kijiti, na mchezaji hodari huweza kuicheza hata kabla haijatengenezwa, kwa kuvuta kidogo kinyume cha upotofu wake.

Benchi hilo lina faida nyingine ambayo wengi hawaitaji. Nyaya za baharini zilizofika Dar es Salaam, kama ile ya SEACOM ya mwaka 2009, zimetuunganisha na ulimwengu, lakini mashine zinazoendesha mapambano mengi ya intaneti zimewekwa mbali, na risasi ya mchezaji wa Moshi husafiri maelfu ya kilomita kabla ya kuhesabiwa. Anaweza kuwa amemtangulia mwenzake wa Ulaya kwa mkono, akashindwa kwa umbali. Juu ya benchi moja hakuna dhuluma hiyo: aliye mwepesi ndiye ashindaye, mbele ya mashahidi, na aliyeshindwa humpa pedi anayefuata bila ya kunung'unika.

Na hao mashahidi ni wanafunzi. Mtoto asiye na fedha ya zamu husimama nyuma ya kaka zake, akajifunza kwa macho wapi alama iwekwe na kona ipi ina hatari. Na wakubwa, wakiwa na moyo mwema, humrekebisha namna ya kushika. Hivi ndivyo ufundi ulivyorithishwa kwetu tangu zamani, kwa ukaribu, kwa kutazama na kwa adabu ya kungoja.

Siwasahau wazazi wanaohofu, kwani hofu yao ina msingi. Kasha la gemu nyingi za vita huandikwa umri wa miaka 16 au 18, na Shirika la Afya Duniani limeutambua uraibu wa gemu kuwa ni maradhi katika orodha yake iliyoanza kutumika mwaka 2022. Mwenye banda anayemwachia mtoto mdogo gemu ya damu, au anayempokea mwanafunzi saa za masomo, huuharibu mchezo kabla hajamharibu mtoto. Lakini dawa ya jambo hili ni utaratibu. Dharau haijapata kumlea mtu.

Hukumu yangu, basi, ni hii. Kwa kupiga shabaha peke yake, kipanya ni chombo bora, na vipimo vimekwisha kulithibitisha hilo. Kwa kuufundisha mkono kujizuia, na kwa kuwakalisha watu pamoja, pedi haijapata mpinzani. Nawaomba wenye kompyuta wasimcheke stadi wa pedi mpaka wamekaa naye benchi moja. Nawaomba wa pedi waijaribu kibodi bila ya chuki. Na nawaomba wazazi wa Moshi waingie bandani mchana mmoja, waulize umri ulioandikwa juu ya kasha, kisha wamtazame mtoto wao vidole, ili wakimkataza wajue wanachokikataza, na wakimsifu wajue wanachokisifu.